Mtaro wa Mita Mia Nne na Ishirini

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia natengeneza tovuti, na hapo hapo wananiletea simu iliyopasuka kioo. "Braza, hii haishiki chaji." Mie sitengenezi simu. Sitengenezi printa, sitoi virusi kwenye flashi, wala sirudishi akaunti ya mtu iliyoibwa na mpenzi wake wa zamani. Nimesema haya miaka kumi na moja, na bado majirani wakinitambulisha kwa wageni wanasema, "Huyu ndiye fundi simu wetu." Nasonya. Halafu naichukua ile simu naiangalia. Ndivyo nilivyo mie, domo kubwa, na mwisho wa maneno nafanya ninachoambiwa.

Naitwa Anselmo. Marehemu baba alikuwa mchonga vinyago, alitoka Newala na patasi zake kwenye mfuko wa sandarusi, akachonga hapa Dar mpaka kifua kikamshinda. Mama yupo. Naishi kwake, chumba cha uani, upande wa Temeke, mtaa unaoitwa Kwa Binti Faraji. Usiutafute kwenye ramani ya simu, hata ramani imetukana. Tuko bondeni, ndege zinapita juu ya mabati, na masika yakianza maji ya mitaa yote ya juu yanakuja kwetu kama wageni wa msiba, hawabishi hodi na hawaondoki.

Nikwambie ninachopenda kwenye kuandika programu. Kompyuta haina haya na haina unafiki. Ukisahau alama moja, nukta mkato moja tu, tovuti nzima inagoma. Haikwambii "njoo wiki ijayo, mhusika katoka." Inakwambia mstari wa arobaini na mbili una kosa, unakwenda mstari wa arobaini na mbili, kosa unalikuta. Basi nikishafunga laptopu nikitoka nje naona kinyaa. Foleni ya benki, mtu anakaa mbele yako kwa sababu "alikuwepo." Umeme unakatika, ukipiga simu unaambiwa umeme upo. Mteja wangu mmoja wa Mbezi Beach, mwenye nyumba ya wageni, alitaka niweke picha ya bwawa la kuogelea kwenye tovuti yake. Nikamuuliza bwawa liko wapi nije nipige picha. Akanijibu, "Litakuja, wee weka."

Siasa ndiyo kabisa. Mwaka wa uchaguzi naonaga kichefuchefu cha kweli, cha tumboni, kuanzia siku gari la spika linapoanza kupita. Sura zile zile, kofia mpya. Watu waliokuwa wanapandisha vioo vya gari wakituona, sasa wanashuka kushika mikono ya wauza mihogo. Mama analetewa kanga na anaipokea. Nikimfokea ananijibu, "Kanga ina kosa gani?" Anaikata, anashona mapazia, maisha yanaendelea.

Dawa yangu ni katuni. Ugonjwa huo nilipewa na Bi Hamdiya, mwenye duka la kona. Yeye na mumewe Mzee Jaffar ni watu wa asili ya Kiarabu, na duka lao lilikuwepo kabla mtaa haujapata jina la kuandika kwenye barua. Zamani Bi Hamdiya alikuwaga anafungia karanga kwa magazeti ya zamani. Mie nikitumwa chumvi narudi baada ya saa nzima, nimesimama pale kaunta nasoma kifungashio cha mtu mwingine mpaka mwenyewe ananinyang'anya. Badala ya kunifukuza, Bi Hamdiya akaanza kunitengea kurasa zenye katuni. "Mwanangu, leo zipo tatu," ananiambia, ananichomolea chini ya mizani. Nilijua kusoma kabla ya wenzangu wote wa darasa, kwa karatasi zinazonuka mafuta ya taa.

Sasa nachora mwenyewe. Mtu wangu anaitwa Bwana Keshokutwa, mheshimiwa mwenye shingo nene na mkasi mfukoni, kazi yake kuzindua vitu visivyokuwepo. Anakata utepe wa daraja, nyuma yake hakuna daraja. Anafungua kisima, anakunywa glasi tupu, anafuta mdomo. Namchora kwenye simu, naposti, nina wafuatiliaji mia tatu na kitu, na nusu yao nadhani ni mashine. Hainilishi. Lakini ikinitoka hiyo, siku inakuwa nyepesi kidogo.

Basi, mwaka wa uchaguzi uliopita akaja Benedikto. Tulisoma wote, sasa ni katibu wa diwani wetu, Mheshimiwa Mwishehe. Mheshimiwa anataka tovuti. Wenzake wa kata nyingine wanazo, naye anataka yenye picha zinazotembea. Nilipaswa kukataa. Mdomoni nilishakataa mara kumi, nyumbani, dukani, kijiweni, kila mtu anajua navyowachukia watu hao. Lakini kazi zilikuwa zimekauka miezi miwili na mama alishaanza kunitazama kwa lile jicho. Nikasema haya, lete maneno ya kuweka.

Maneno hayakuja. Hapo lazima nikueleze kitu cha kazi yetu. Ukiwa unajenga ukurasa na mteja hajaleta maneno yake, unaweka maneno ya kujazia, ili uone herufi zinakaaje. Wenye adabu wanaweka Kilatini kisicho na maana. Mie nina tabia mbaya, naweka nyongo yangu. Tovuti ya shule moja niliijaza "Hapa mkuu atajisifu, hapa atajisifu tena." Kabla ya kukabidhi nafuta yote, nimeshacheka, hakuna aliyeumia.

Ukurasa wa Mheshimiwa uliobaki mtupu ulikuwa ule wa Miradi Iliyokamilika. Wiki tatu nasubiri orodha. Benedikto kila siku, "Inakuja, braza." Asubuhi moja, mvua imenyesha, nimeamka nimechota maji chumbani kwa mama ndoo kumi na nane, mgongo unauma, nikakaa kwenye laptopu na hasira zangu nikaandika hivi: "Mtaro wa Kwa Binti Faraji. Mita 420. Umekamilika. Kaya zote za mtaa zimeondokana na adha ya mafuriko. Wananchi wanamshukuru Mheshimiwa." Hiyo mita 420 sikuitoa hewani, ndio urefu wa mtaa wetu, niliwahi kuupima kwa hatua nikitafuta mahali pa kumsimamisha Bwana Keshokutwa na mkasi wake. Nikatafuta na picha, mtaro msafi wa zege, sijui wa nchi gani, una nyasi zilizokatwa pembeni kama za uwanja wa mpira. Nikacheka peke yangu kama mwehu, nikaenda kunywa chai.

Siku mbili baadaye Benedikto akanipigia, Mheshimiwa anataka kuiona tovuti sasa hivi. Nikachukua bodaboda. Wallahi sikukumbuka. Nilikumbuka tumeshakaa sebuleni kwake, laptopu iko mapajani mwake, kidole chake kinateremsha ukurasa, na kikasimama. Akaanza kusoma kwa sauti. "Mtaro wa Kwa Binti Faraji..." Benedikto akakohoa. Mie nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa miguu chini ya kochi.

Mheshimiwa akainua uso. "Hii nzuri," akasema. "Hii imekaa vizuri sana."

"Ila Mheshimiwa," Benedikto akasema taratibu, "ule mtaro bado..."

"Upo kwenye mpango. Kitu kikishaingia kwenye mpango kimeshaanza kukamilika. Iache hivyo hivyo." Akanigeukia mie. "Kijana una kalamu nzuri. Au vipi?"

Na mie, Anselmo, mwenye mdomo mtaa mzima unaujua, nikasema, "Sawa, Mheshimiwa."

Nilirudi nyumbani najinuka. Sina neno jingine. Nilioga, nikaoga tena. Nilijiambia nitaifuta kampeni zikiisha, nikajiambia nani anasoma tovuti ya diwani. Takwimu zilinionyesha wageni sita kwa wiki, na wanne kati yao nilikuwa mie mwenyewe. Mheshimiwa akashinda, watu wakacheza singeli mpaka vumbi likafika kwenye nyaya, mie nikarudi kwenye kazi zangu. Ya kufuta nikayaahirisha. Ningempata mwenzangu anafanya hivyo ningemchora.

Sasa, Mzee Jaffar. Huu ni mwaka wa nne tangu kiharusi kimlaze. Upande wa kulia hauna kazi, maneno anayapata machache. Chumba chao kiko nyuma ya duka, ndiko chini kuliko kote, na masika maji yakiingia mtu wa kumtoa ni mie. Namweka mgongoni, Bi Hamdiya ananyoosha mwavuli nyuma yetu, tunakwenda naye mpaka baraza ya msikiti ambako ni juu. Mwepesi siku hizi. Mwaka jana tulichelewa, tukamkuta godoro limeshalowa na yeye amelalia maji mpaka sikioni. Alikohoa wiki sita. Daktari akamwambia Bi Hamdiya wazi wazi kwamba mapafu yale hayatastahimili maji mengine.

Kwa hiyo Bi Hamdiya alivyoupigania mtaro ule, hakuwa anapigania maendeleo. Alikuwa anampigania mumewe. Manispaa ilikuwa na orodha ya mitaa ya kuchimbiwa mitaro kabla ya masika, sie tulikuwa wa tatu, na yeye aliijua orodha ile kama mtu anavyojua madeni ya dukani. Mwezi wa pili akasikia matingatinga yamepita yamekwenda mtaa wa nne kwenye orodha. Akafunga duka mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona hata siku ya harusi ya binti yake, akaenda ofisi ya kata na kina mama wanne.

Jioni akaja kwetu. Mama alikuwa anapeta mchele, mie niko na laptopu kwenye mkeka.

"Shikamoo Bi Hamdiya."

"Marahaba mwanangu. Miwani nimeiacha dukani. Hebu nisomee hii karatasi, wamenipa pale ofisini, kichwa kinaniuma."

Nikaipokea. Ilikuwa tovuti yangu. Imechapwa kwa wino unaokwisha, mtaro umekuwa kijivu, na juu ya zile nyasi kumegongwa muhuri wa zambarau wa ofisi na sahihi ya mtendaji wa kata. Nikasoma. Nifanyeje? Nikasoma yote, adha ya mafuriko, wananchi wanamshukuru, sauti yangu inasoma maneno yangu, na mama akaacha kupeta.

"Umesikia?" Bi Hamdiya akasema. "Wametufuta. Wanasema sie mtaro tunao, tuna tamaa tu ya kuongezewa wa pili. Mtu mzima nimeambiwa mwongo mbele ya wenzangu." Macho yalikuwa mekundu. "Hivi aliyekaa akaandika haya, amezaliwa na mtu kweli? Wewe ndiye mtaalamu wa mitandao. Nitafutie nimjue. Simfanyi kitu, nataka jina lake tu."

Nikasema nitamtafuta. Ndiyo, nilisema hivyo. Akaniombea dua akaondoka.

Mama alingoja hatua zake ziishe. "Ile kazi ya Benedikto?"

"Ilikuwa utani, mama."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, akarudi kwenye ungo wake, na usiku ule hakuniita kula.

Asubuhi nilikuwa ofisi ya kata kabla hawajafungua. Mtendaji wetu anaitwa Bi Yasmini, mwanamke mkavu, anayekusikiliza huku anapanga faili. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Nikaitoa simu, nikaingia kwenye tovuti pale pale mezani kwake, nikaufuta mtaro mzima kwa kidole kimoja. "Umeona? Haupo tena."

Akaangalia simu. Kisha akavuta droo, akatoa faili, akaifungua, akanigeuzia. Karatasi ile ile, muhuri ule ule, imetobolewa na kufungwa kamba.

"Na huu?" akaniuliza. "Huu utaufutaje?"

"Lakini bibie, mtaa wetu si upo hapa nyuma, dakika tano kwa miguu? Twende ukaone kama mtaro upo."

"Kaka yangu, mie najua haupo. Nimepita pale na mabuti. Lakini kilichoko kwenye faili kinasema upo, na manispaa wanasoma faili, hawasomi matope. Faili haijibiwi kwa simu. Nipe karatasi ya kuijibu hii." Akanihesabia kwa vidole. Ama barua ya Mheshimiwa kukanusha, ama muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye maelezo ya mwandishi wa taarifa, jina lake kamili, majina na sahihi za waliohudhuria, na muhuri wa mwenyekiti.

Nilimpigia Benedikto. Mheshimiwa yuko vikaoni. Nilipiga tena, yuko safarini. Mara ya tatu simu haikupokelewa, na mchana ule nilipojaribu kuingia kwenye tovuti nywila yangu ikakataa. Nikatazama ukurasa kama mgeni wa kawaida. Mtaro ulikuwa umerudishwa, na safari hii wameongeza "wa kisasa."

Jamani, nilitapika. Si msemo tu, nilitapika kweli, kwenye kona ya choo, mpaka mama akanipigapiga mgongoni.

Mkutano ukaitishwa Jumamosi saa kumi, uwanja wa shule ya msingi. Wiki ile nzima nilikuwa natafuta njia ya kutokuwepo. Nilifikiria safari ya Newala. Nilifikiria kuandika maelezo nimpe mwenyekiti ayasome bila jina. Mwenyekiti akakataa, akasema bila jina ni porojo. Siku yenyewe walikuja watu wengi kuliko wanaokujaga kwa ajili ya vyandarua. Bi Hamdiya alikaa mbele, kwenye kiti alichotoka nacho dukani. Alinipungia mkono. Alidhani nimemletea jina.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye maelezo ya kitaalamu, maneno ya kujazia ni nini, kwa nini tunayatumia. Nikaanza hivyo, nikaona nyuso zao, nikaacha. Nikasema, "Yale maneno ya mtaro niliandika mie. Anselmo. Mtaro haupo na nilijua haupo."

Kelele zikapanda. Mmoja nyuma akasema, "Kumbe fundi simu!" Wengine wakacheka, wengine wakatukana, mwenyekiti akagonga meza na kopo la maji. Bi Hamdiya hakucheka wala hakutukana. Alisubiri watu wanyamaze.

"Uliandika ukijua?" akaniuliza.

"Nilikuwa natania, Bi Hamdiya. Nilitaka nifute."

"Na huyo bwana alipokwambia uache, ulimwambiaje?"

Ningeweza kusema mambo mengi pale. Kwamba kazi zilikauka, kwamba wenye nguvu ni wao. "Nilimwambia sawa," nikasema.

Akatengeneza mtandio wake. Akamgeukia mwandishi wa mkutano, akamuuliza, "Umeandika?" Mwandishi akasema ameandika. "Leta nitie sahihi." Akatia wa kwanza, akachukua kiti chake akaondoka.

Muhtasari ulifanya kazi. Lazima niseme ukweli huo, karatasi iliijibu karatasi mwenzake. Bi Yasmini aliupeleka mwenyewe manispaa, na baada ya wiki mbili jibu likaja limegongwa mihuri miwili. Tumerudishwa kwenye orodha. Tumewekwa mwisho, mwaka wa fedha ujao.

Dukani nikienda naitwa kaka. "Karibu kaka, nikupe nini?" Ananipimia vizuri, ananirudishia chenji kamili, na "ahsante kaka, karibu tena." Sijawahi kuambiwa neno baya. Nilijaribu kuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili akaniuliza kama nahitaji na sabuni.

Mvua ya kweli ilishuka Jumanne saa nne asubuhi. Saa sita maji yalikuwa magotini. Nilikunja suruali nikakimbia, nimeshika ufito wa kupimia mashimo, nikazunguka nyuma ya duka. Bi Hamdiya alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mtandio umeganda kichwani, mkono mmoja kwenye fremu. Maji yalikuwa yanampita miguuni yanaingia ndani.

"Shikamoo Bi Hamdiya. Nimekuja kumbeba Mzee."

"Ahsante, kaka," akasema. "Watu wapo."

Nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwepo Maisa peke yake, binti yao, mimba ya miezi saba, amepiga magoti kwenye maji anajaribu kupitisha mikono chini ya makwapa ya baba yake, anamwinua, anamponyoka, anamwinua. Mzee alikuwa anakohoa.

"Bi Hamdiya, tafadhali."

Akasogea kidogo, akaniziba nisione.